Kuchagua Kazi kwa Siku Yake ya Kawaida: Mwongozo kwa Anayeingia Kwenye Ajira

Vijana wengi nchini Tanzania huchagua kazi kwa jina lake. Mtu hujaza fomu ya kujiunga na chuo akiwa na picha ya koti jeupe la daktari, ya wakili aliyesimama mbele ya hakimu au ya ukumbi wa benki wenye kiyoyozi, na miaka michache baadaye, akiwa ameshaipata ajira aliyoihangaikia, hugundua kwamba sehemu kubwa ya muda wake inakwenda kwenye mambo ambayo hakuna aliyewahi kumtajia. Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayetafuta ajira ya kwanza, au anayetaka kuhama kazi, na msimamo wangu ni mmoja: kazi ipimwe kwa siku yake ya kawaida, yaani ile siku ya katikati ya wiki isiyo na mgeni rasmi, sherehe wala dharura, kwa sababu siku za namna hiyo ndizo nyingi kuliko zote.

Wapo watakaosema kwamba ajira ni chache na mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwamba wengi hawajawahi kuwa na barua tatu za ajira mezani wakajiuliza waichukue ipi. Hata hivyo, mwenye nafasi moja tu naye anaamua mambo mengi: aulize nini kabla ya kusaini, aishi wapi, akae muda gani, na ajifunze kitu gani akiwa hapo. Zaidi ya hayo, mtu anayeijua siku yake itakavyokuwa huyabeba kwa utulivu mambo ambayo asiyeyajua huyaona kuwa ni uonevu, na nimeona vijana wazuri wakiacha kazi zilizowafaa kwa sababu tu walizitegemea ziwe kitu kingine.

Hatua ya kwanza: andika siku nzima ya kazi hiyo, saa kwa saa

Chukua karatasi, uandike siku moja ya kazi unayoitaka tangu saa ya kuamka hadi saa ya kulala. Usiandike majukumu kwa ujumla kama vile "kuhudumia wateja" au "kufundisha". Andika mwili wako uko wapi, mikono yako inashika nini, unaongea na nani, na unasubiri nini. Ukifika mahali pa kalamu kusimama kwa kuwa hujui kinachofanyika kuanzia saa nne hadi saa saba mchana, umeshapata jambo la kwanza la kwenda kuuliza.

Tuchukue ualimu wa shule ya msingi, kazi ambayo kila mmoja wetu anadhani anaijua kwa sababu alikaa darasani miaka saba. Mwanafunzi humwona mwalimu akiwa mbele ya ubao, lakini haoni azimio la kazi linaloandaliwa kabla ya muhula, andalio la somo linaloandikwa kwa kila kipindi, rejesta ya mahudhurio, wala zamu ya wiki ambayo humtaka mwalimu kufika kabla ya wengine ili kusimamia usafi na mstari wa asubuhi. Kisha kuna madaftari. Kiwango kinachokusudiwa katika shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini madarasa mengi huzidi hapo. Ukiwa na wanafunzi 80 na ukatumia dakika 2 tu kwa kila daftari, zoezi moja la somo moja linakudai dakika 160, yaani saa mbili na dakika arobaini, na hapo hujafungua madaftari ya darasa la pili unalolifundisha. Anayependa kufundisha lakini anachukia kusahihisha anapaswa kujua kwamba havitenganishwi. Kwa upande mwingine, anayepata raha ya kweli kumwona mtoto aliyekuwa hajui kugawanya akigawanya mwenyewe, raha hiyo ataipata mara nyingi, na kazi chache humlipa mtu kwa namna hiyo.

Au tazama kazi ya karani wa dirishani benki. Asubuhi hupokea fedha za kuanzia siku, akazihesabu na kusaini. Mteja wa kwanza akiingia, karani hukaa kwenye kiti hicho kwa saa nyingi, akihesabu, akikagua noti bandia, akiingiza tarakimu kwenye mfumo, akimtazama kila mteja kwa uso wa kumkaribisha hata kama foleni imefika mlangoni na mtandao umekatika. Milango ikishafungwa kwa wateja, ndipo kazi ngumu zaidi inapoanza, kwa sababu fedha zilizo mkononi lazima zilingane na zilizo kwenye mfumo. Zikipungua, upungufu ambao wenyewe huuita shoti, karatasi zote za siku zinarudiwa moja baada ya nyingine hadi kosa lionekane, na hakuna anayeondoka. Kazi hii inamfaa mtu mtulivu, makini na asiyechoshwa na kurudia jambo lile lile. Anayeitaka kwa ajili ya suti atachoka mapema sana.

Mhasibu naye ana kalenda ambayo haijali mipango yake ya familia. Ritani, yaani taarifa, ya kodi ya mishahara hutakiwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ya kodi ya ongezeko la thamani tarehe 20, na katikati yake kuna stakabadhi zisizosomeka za EFD, zile mashine za kielektroniki za kutolea risiti, wasambazaji wanaodai, na mkuu wa idara anayetaka taarifa leo. Wiki ya kwanza ya mwezi ni nzito, na wiki ya mwisho wa mwaka wa fedha ni nzito zaidi. Muuguzi ana zamu za asubuhi, jioni na usiku zinazobadilika, na sehemu ya kila zamu ni kuandika: kilichotolewa, kilichopimwa, kilichoonekana, ili anayepokea zamu asikosee.

Nitakaa kidogo kwenye kazi ya dereva mwongoza watalii, kwa sababu ni miongoni mwa kazi zinazotamaniwa zaidi mikoa ya kaskazini na miongoni mwa zisizoeleweka vizuri. Picha anayoiona kijana wa Arusha au Moshi ni gari lenye paa linalofunguka, simba wa Serengeti, na bakshishi ya dola. Siku yenyewe huanza saa kumi na moja alfajiri kwa kukagua mafuta, maji na magurudumu. Hufuata saa nyingi za usukani kwenye barabara ya vumbi yenye matuta ya mabati, huku ukieleza tofauti ya ndege wawili wanaofanana, ukisikiliza redio ya upepo, ukihakikisha mgeni mwenye kisukari amekula kwa wakati, na ukibadili tairi penye nyasi ndefu huku macho yako yakiwa nyikani. Jioni wageni wanapooga na kupumzika, wewe unaosha gari. Safari huchukua siku kadhaa mfululizo nje ya nyumbani, na msimu wa wageni wengi, kuanzia Juni hadi Oktoba, unaweza kurudi nyumbani kubadilisha nguo tu kisha ukaondoka tena. Masika, hasa Aprili na Mei, wageni hupungua sana, baadhi ya kambi hufungwa, na mtu anayelipwa kwa safari hukaa bila kipato. Kwa hiyo kipato cha kazi hii kipigiwe hesabu ya mwaka mzima, kamwe kisipimwe kwa mwezi wa Agosti. Anayependa wanyama, watu na barabara, tena akawa na nidhamu ya kuweka akiba, ataishi vizuri. Mwenye watoto wadogo na asiye na mtu wa kusaidiana naye nyumbani afikirie mara mbili.

Hatua ya pili: jichunguze kwa mambo madogo

Ushauri wa kawaida ni kumwambia kijana afuate anachokipenda. Naona ushauri huo haujakamilika, kwa sababu watu wengi wa miaka 20 hawajui wanapenda nini, wanajua tu wanavutiwa na nini. Maswali yanayosaidia zaidi ni madogo. Je, ukiwa umezungukwa na watu siku nzima, jioni unakuwa mchangamfu au umekwisha nguvu? Unaweza kukaa kitini saa nne bila kuhangaika? Unaweza kusimama saa nane? Ukikaripiwa mbele ya watu, unaendelea na kazi au siku yako imeharibika? Unapenda kuona kazi imekamilika jioni ile ile, kama fundi umeme anavyowasha taa akaondoka, au unaweza kuvumilia jambo linalochukua miezi bila matokeo kuonekana, kama afisa ugani anayesubiri msimu uishe ndipo ajue kama wakulima wake wamemsikiliza?

Majibu yake yatafute katika mambo uliyoyafanya tayari, wala usiyatafute katika unavyojitamani. Kama ulikuwa kiranja, ulisimamia duka la shangazi, ulitunza mgonjwa, ulikuwa mweka hazina wa kikundi cha kwaya au ulifundisha wadogo zako tuisheni, tayari una ushahidi. Angalia ni sehemu gani ya shughuli hiyo uliifanya bila kusukumwa, na ni ipi uliiahirisha hadi mwisho.

Hatua ya tatu: waulize wanaoifanya, na uulize kuhusu jana

Mtu ukimwuliza kama kazi yake ni nzuri, atakujibu kwa heshima kwamba anamshukuru Mungu, na mazungumzo yataishia hapo. Mwombe badala yake akusimulie jana: aliingia saa ngapi, alianza na nini, alikatizwa na nini, alikula saa ngapi, alitoka saa ngapi, na ni jambo gani lilimkera. Jana haina nafasi ya kupambwa kama inavyopambwa kazi kwa ujumla.

Chagua pia wa kuuliza. Mkurugenzi mwenye miaka 25 kazini ni mtu wa kumheshimu na kujifunza kwake, lakini siku yake haifanani na itakayokuwa yako. Mtafute mwenye mwaka mmoja hadi mitatu kwenye nafasi unayoitaka, kisha mtafute aliyeiacha, kwa kuwa huyo ana sababu chache zaidi za kukuficha. Ukimwendea mtu mzima, mpigie hodi kwa adabu, umweleze kwamba huombi akutafutie kazi bali unataka kuelewa kazi yake, na umwombe nusu saa tu. Kwa uzoefu wangu watu wengi hukubali, tena hufurahi, kwa sababu mara nyingi kijana anayewatafuta huwa anaomba kuunganishwa.

Swali moja usiliache: ni kitu gani katika kazi hii kilikushangaza miezi ya mwanzo? Majibu yakifanana kwa watu watatu, hiyo ndiyo sura ya kazi yenyewe. Yakitofautiana sana, huenda tofauti iko kwa waajiri wao, nawe unapaswa kuchunguza mwajiri kwa bidii kuliko fani.

Hatua ya nne: onja kabla ya kujifunga

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi, wengi huyachukulia kama kibali cha kupata mhuri kwenye daftari la kumbukumbu. Ni hasara kubwa. Wiki zile ndizo nafasi ya bei nafuu zaidi utakayopata ya kuijua kazi ukiwa ndani yake, na ukigundua kwamba haikufai, bado una muda wa kugeuza mwelekeo. Omba kukaa na watu wa kawaida wa idara. Ukipewa kazi ya kutoa nakala na kupanga mafaili, ifanye vizuri, lakini soma mafaili hayo, maana ndani yake ndimo unapoona malalamiko ya wateja, barua za kukumbushia malipo na taarifa zinazoandikwa kila mwezi.

Kwa waliokwisha kuhitimu, kuna mafunzo ya utarajali, na kwa wanaotaka ufundi kuna mafunzo ya uanagenzi ambayo mtu hujifunza sehemu ya muda chuoni na sehemu kwenye karakana au kiwanda. TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, husajili watafuta kazi na kuwaunganisha na waajiri, na vyuo vya mafunzo ya ufundi vya VETA vina kozi fupi ambazo mtu anaweza kuzitumia kujipima kabla ya kuingia kozi ndefu. Kuhusu kujitolea, nashauri uwe na tarehe ya mwisho na jambo mahususi la kujifunza, vyote vikiwa vimekubaliwa mwanzoni. Kujitolea kusiko na mwisho, kwa ahadi kwamba nafasi ikitokea utafikiriwa, kumewapotezea vijana wengi miaka.

Hatua ya tano: soma tangazo kwa vitenzi vyake

Cheo kwenye tangazo kinaweza kukupoteza. "Afisa masoko" mahali pamoja ni mtu anayeandaa matangazo na kuchambua takwimu za mauzo. Mahali pengine ni mtu anayezunguka mitaani na juani akiuza laini za simu au bima kwa kamisheni, akiwa na tageti ya kila wiki. Kazi zote mbili ni halali na zote zina watu waliofanikiwa kwazo, ila siku zake hazifanani hata kidogo. Pitia majukumu yaliyoorodheshwa, uweke alama kwenye kila kitenzi: kutembelea, kuandaa, kukusanya, kusimamia, kuripoti. Vitenzi vitatu vya mwanzo kwa kawaida ndivyo vitakavyokula muda wako.

Matangazo ya utumishi wa umma karibu yote humalizia kwa sentensi inayosema kwamba mwajiriwa atafanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi. Ichukue sentensi hiyo kwa uzito wake wote, kwani ndiyo itakayokupeleka kusimamia mitihani, kuandikisha watu au kupokea ugeni wa mkoa. Vilevile, anayeomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ajue kwamba anaweza kupangiwa kituo katika halmashauri ambayo hajawahi kukanyaga. Kama huwezi kuhama kwa sababu ya mgonjwa au familia, litafakari jambo hilo kabla ya kuomba na si siku ya kupokea barua.

Tangazo linalotaka utume fedha ili ufanyiwe usaili, upewe fomu au "ushikiwe nafasi", liache hapo hapo.

Hatua ya sita: piga hesabu ya fedha itakayofika mkononi

Hapa ndipo matarajio mengi yanapovunjika, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Chukulia umeahidiwa mshahara wa sh. 800,000 kwa mwezi katika kampuni binafsi, na wewe ni mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu. Mchango wako wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani sh. 80,000, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho kwa upande wake. Kodi huhesabiwa kwenye kinachobaki, sh. 720,000. Sh. 270,000 za kwanza hazitozwi, sh. 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, ambayo ni sh. 20,000, na sh. 200,000 zilizobaki hutozwa asilimia 20, ambayo ni sh. 40,000. Kodi yote ni sh. 60,000, na sasa una sh. 660,000. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ikiwa zile 800,000 zote ni mshahara wa msingi, makato hayo ni sh. 120,000. Kinachoingia kwenye akaunti yako ni sh. 540,000.

Sasa toa gharama ya kwenda kazini kwenyewe. Kama nauli na chakula cha mchana vinakula sh. 6,000 kwa siku, siku 22 za kazi ni sh. 132,000, na unabaki na sh. 408,000 kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya kutuma chochote nyumbani. Wenye nyumba wengi mijini hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha sh. 100,000 kwa mwezi kinadai sh. 600,000 siku ya kwanza, kiasi kinachozidi fedha yote inayoingia kwenye akaunti yako kwa mwezi mmoja, na mshahara wa kwanza huja baada ya kuwa umeshafanya kazi mwezi mzima. Zungumza na wazazi, kaka au dada mapema kuhusu mwezi huo wa kwanza. Waeleze pia hesabu hii, wazi kabisa, maana ndugu wakisikia laki nane huanza kupanga kwa laki nane.

Uliza kama kiasi ulichotajiwa ni kabla au baada ya makato, na ni kiasi gani kati yake ni mshahara wa msingi. Waajiri wengine huupunguza mshahara wa msingi na kuujazia kwa posho. Kwa macho jumla ni ile ile, lakini malipo ya saa za ziada hutokana na mshahara wa msingi, kwa hiyo mgawanyo huo utakugusa kwa miaka.

Hatua ya saba: hesabu saa pamoja na barabara

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya angalau saa moja. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida na hazitakiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, huongezewa asilimia 5. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, hivyo anayeenda kufanya kazi Unguja au Pemba asome hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Masharti hayo ya saa za kazi hayamhusu mwajiriwa anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa maneno mengine, cheo cha umeneja kinaweza kukuongezea mshahara na wakati huo huo kukuondolea haki ya kulipwa kwa kuchelewa kutoka. Kabla ya kushangilia kupandishwa, linganisha nyongeza hiyo na saa utakazozitoa.

Barabara nayo ni sehemu ya kazi, ingawa hakuna anayeilipia. Jijini Dar es Salaam, anayeishi Chanika na kufanya kazi Masaki anaweza kutumia saa nne kwa siku kwenye daladala na foleni. Ukijumlisha saa tisa za kuwapo kazini, mapumziko ya mchana yakiwemo, umeshatumia saa 13. Ukilala saa saba, zinabaki nne za kuoga, kupika, kula, kuongea na watu wako na kujisomea. Ifanye safari hiyo mara moja, siku ya kazi, kwa saa ile ile ambayo ungeifanya kila siku, kabla hujasaini kitu. Wakati mwingine kazi yenye mshahara mdogo kidogo lakini iliyo karibu na unapoishi inakuachia zaidi, kwa fedha na kwa nguvu.

Hatua ya nane: kwenye usaili uliza, kisha soma mkataba

Wasailiwa wengi wakiulizwa kama wana swali hujibu kwamba hawana, wakidhani ndiyo heshima. Msaili makini humthamini anayeuliza kwa adabu. Uliza mwezi wako wa kwanza utakuwa unafanya nini hasa, utaripoti kwa nani, na utendaji wako utapimwa kwa kigezo gani. Uliza pia aliyekuwa kwenye nafasi hiyo ameenda wapi. Kama alipandishwa, ni dalili njema. Kama nafasi imebadilisha watu watatu kwa mwaka, mwombe msaili akueleze kilichotokea, na usikilize vizuri anavyojibu.

Mkataba usome nyumbani, usiusomee mbele ya mtu anayekusubiri usaini. Tafuta muda wa matazamio, yaani wa kujaribiwa kazini, na masharti yake, kituo cha kazi, saa, likizo, na kinachosemwa kuhusu hasara. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, zikihesabiwa pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani yake, na asiyefikisha miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo kwa mujibu wa ile sheria ya mwaka 2004. Kwa wanaoshika fedha au bidhaa, kipengele cha hasara ni muhimu mno: mwajiri hawezi kukata mshahara kwa upotevu ambao haukutokana na kosa lako, na anapaswa kukueleza kwa maandishi na kukupa nafasi ya kujitetea.

Hatua ya tisa: jiwekee matarajio ya miezi ya mwanzo

Miezi mitatu ya kwanza utakuwa mzito. Utauliza mambo ambayo wenzako huyafanya bila kufikiri, utapewa kazi ndogo ndogo, na mengi uliyosoma chuoni hayatatumika mara moja. Hali hiyo ni ya kawaida kwa kila fani na haina maana kwamba umekosea kuchagua. Kuwa na daftari dogo, uandike ndani yake maelekezo ili usiulize jambo moja mara tatu, na kila Ijumaa uandike mistari michache: nilifanya nini wiki hii, kipi kilinipa nguvu, kipi kilinichosha, nimejifunza nini. Baada ya miezi sita daftari hilo litakueleza ukweli kuliko hisia za siku moja mbaya.

Ukilisoma, tenganisha aina tatu za uchovu. Kuna uchovu wa ugeni, ambao hupungua wenyewe kadiri unavyozoea. Kuna unaotoka kwa mwajiri au msimamizi, ambao dawa yake ni kuhama idara au kampuni bila kuacha fani. Na kuna unaotokana na kazi yenyewe, yaani yale mambo yanayojirudia kila siku na yatakayojirudia popote uendako. Ukiona kurasa zako zimejaa huu wa tatu, anza kujiandaa kwa kitu kingine ukiwa bado unalipwa. Matusi, kushikwa mwili bila ridhaa, kuombwa rushwa ya ngono au kunyimwa mshahara havimo katika aina yoyote kati ya hizo. Hayo hayavumiliwi kwa jina la uzoefu, na yanapaswa kuripotiwa; migogoro ya ajira husikilizwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupaswa kufikishwa huko ndani ya siku 30.

Ukiamua kuondoka, andika barua. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya angalau siku 28, isipokuwa yuko kwenye mwezi wake wa kwanza, ambapo siku 7 zinatosha. Mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Kabidhi vifaa na mafaili kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, omba hati ya utumishi ambayo mwajiri anawajibika kukupa, na uhakiki kwamba michango yako yote ya hifadhi ya jamii imewasilishwa, mwezi kwa mwezi, kabla hujarudisha kitambulisho.